Mtu Aliyelowa kwa Benchi ya Mbele

Nikieleza hiki kisa, watu hunitazama kwa huruma halafu wananiuliza kama siku hiyo nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekula. Sikuwa na homa, sikuwa nimesinzia, na wala haikuwa usiku. Ilikuwa alasiri, jua la Januari liko juu ya mabati ya Ruiru, vumbi limekauka mpaka unalisikia kwa meno. Ukitaka kuniamini, niamini. Usipotaka, basi, mimi nimechoka kubembeleza watu.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na duka la kukodisha kanda za video pale Ruiru. Mbele kulikuwa na rafu za kanda, na nyuma chumba chenye mabenchi, televisheni na deki, ambapo watu wasio na vyombo hivyo nyumbani walikuja kuona sinema. Madirisha nilikuwa nimeyaziba kwa blanketi. Jioni nikifunga narudi Thika, Majengo, kwa mama yangu, maana bwana wangu alikuwa ameshaoa mwingine na mimi sikuona haja ya kumgombania mtu mzima.

Huyo mama yangu ndiye kisa chenyewe, kwa hivyo vumilia kidogo nikueleze.

Baba yangu alikuwa askari katika jeshi la Mwingereza. Ilipokuja ile vita kubwa ya pili, alipelekwa Mombasa na wenzake, wakapandishwa meli wakapigane na Wajapani huko Asia. Mimi nilikuwa tumboni. Vita ikaisha, wengine wakarudi na makoti yao mazito, yeye hakurudi. Mmoja alisema walitenganishwa bandarini, huyu meli hii, huyu meli ile, na hakujua zaidi. Mama akaenda ofisi ya serikali kuuliza, akaambiwa angoje. Alingoja mpaka yule Mzungu aliyemwambia angoje akarudi kwao, bendera ikabadilishwa, na karani mpya, mtu mweusi kama sisi, naye akamwambia angoje. Sijui kama unalisikia hilo neno vile mimi nalisikia.

Sasa, kwetu Waislamu mwanamke akifiwa na mume hukaa eda. Miezi minne na siku kumi anavaa nyeupe, hajipaki manukato wala wanja, hatoki ila kwa dharura, na wanawake wenzake wanakuja kuketi naye. Hiyo ndiyo heshima ya mjane. Lakini utakaaje eda ya mtu ambaye hakuna aliyekuambia amekufa? Walimshauri aende kwa kadhi ndoa ivunjwe, aolewe tena, alikuwa bado msichana. Akakataa. "Nani ameniambia amekufa?" Hilo ndilo jibu nililolisikia tangu utoto wangu mpaka nikapata mvi. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Alikuwa ameshazeeka, na kitu alichokitaka kabla ya kuondoka duniani kilikuwa kimoja tu: mtu aje amwambie, akae eda yake.

Basi siku moja nikaletewa kanda kutoka Nairobi. Ilikuwa sinema ya zamani ya vita, ya Wajerumani ndani ya nyambizi, ile manowari inayotembea chini ya maji. Watu wa mjini walikuwa wameiona kwa majumba makubwa ya sinema zamani na kuisifu sana. Sasa ilikuwa imetolewa upya kwa video, ndefu kuliko ile ya kwanza, kanda mbili ndani ya kasha moja. Nikasema tutaonyesha ya kwanza leo, ya pili kesho, ndio watu warudi.

Aliyeitafsiri ni Kariuki, kijana wa Mugutha. Kama hukuwahi kuingia vyumba vile, jua kwamba hakuna aliyekuja kusikiliza Kizungu. Mtafsiri alisimama kando ya televisheni na maikrofoni, akaeleza mambo kwa Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kikuyu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapa watu wa sinema majina ya nyumbani, ndio watazamaji wajue wanashangilia nani. Kwa hivyo nahodha wa Wajerumani akawa Kamau. Fundi wa mitambo akawa Njoroge. Kijana mmoja mwoga aliyekuwa akilia kila chuma kikipasuka akawa Maina wa Githurai 45, na vijana wa Githurai waliokuwa ndani wakapiga mabenchi kwa furaha. Kwa muda mfupi tu, nyambizi nzima ilikuwa yetu.

Nilikuwa mlangoni. Nikaona Kamau akiweka jicho kwa darubini.

"Kuna meli hapo mbele," Kariuki akasema. "Imebeba adui, imejaa mpaka juu. Kamau hataki mchezo leo."

Adui gani? Hakuna aliyeuliza. Kombora likatoka, kila mtu akashika pumzi, halafu kwa ule mviringo wa darubini tukaona meli mbali, ndogo kama kiatu, na moshi ukipanda juu yake. Chumba kikajaa makofi. "Kwisha hao," Kariuki akasema, "wacha sasa waoge." Watu wakacheka mpaka wengine wakakohoa. Mimi sikucheka. Sidai nilijua chochote, lakini macho yangu yalibaki kwa ule moshi.

Kanda ikaisha, watu wakatoka wakijadili kama Maina atafika nyumbani. Kariuki akazima maikrofoni yake. "Mathe, wacha nikule kidogo nirudi," akaniambia, maana vijana waliniita hivyo badala ya mama, akatoka. Nikachukua ufagio nikaingia chumbani, na kwa benchi ya mbele kulikuwa na mtu ameketi.

Alikuwa kijana, pengine wa miaka ishirini na kitu, amevaa shati la kaki lisilo na vifungo na kaptula ya aina ambayo hakuna mtu alikuwa anavaa tena. Na alikuwa amelowa. Si jasho, sikiliza vizuri, maji. Yalikuwa yakitiririka kutoka nywele zake, yakipita kwa kidevu, yakianguka sakafuni, na nje hakukuwa na mvua tangu mwezi uliopita. Nikadhani ni mlevi aliyemwagiwa maji na watu wa kilabu. Nilikuwa nifungue mdomo nimfukuze.

"Mama," akasema bila kugeuka, "mimi naomba. Rudisha ile ya meli."

Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, cha wazee wa zamani. Nikashangaa kijana mdogo amekitoa wapi. Na sijui kwa nini nilitii. Mimi si mtu wa kutumwa na wateja, muulize yeyote aliyenijua Ruiru. Lakini nilienda kwa deki, nikarudisha kanda, nikabonyeza. Kamau akaweka jicho kwa darubini. Meli ikaonekana, moshi ukapanda, halafu wale Wajerumani wakakumbatiana.

"Tena," akasema.

Nikarudisha tena. Safari hii alisogea mpaka uso wake ukakaribia kabisa kioo, akawa anatafuta, vile mtu hutafuta sindano kwa mkeka. Moshi ukapita.

"Sisi ni hii tu?" akaniuliza. "Ni moshi?"

Nilikuwa nimeanza kusikia baridi kwa miguu. Nikaangalia chini, nikaona maji yake yamefika kwa viatu vyangu. Harufu yake nilikuwa naijua, niliwahi kwenda Mombasa mara moja kwa harusi. Ilikuwa harufu ya bahari.

"Tulikuwa chini kabisa," akasema. "Wazungu wanalala juu, sisi chini. Ngazi ilikuwa moja. Ilipolia ile kitu, watu wote wakaenda kwa hiyo ngazi." Alisema bila hasira. "Kuna kanda nyingine?"

"Iko," nikasema. "Ya pili."

"Ndani yake hawa wanarudi kwao?"

Nilikuwa nimesoma nyuma ya kasha. "Wengine wanarudi."

"Na sisi?"

Niambie wewe, ungemjibu nini? Kanda ya pili nzima ni ya nyambizi. Wanapigwa, wanazama, wanaomba Mungu, wanaokoka, watazamaji wanawalilia. Ile meli haitajwi tena. Nilisimama na ufagio wangu, nikatikisa kichwa.

Hapo ndipo aligeuka. Alinitazama kwa upole, mtoto mdogo vile, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo juu, kama limeng'atwa.

"Mama, ukienda Thika, kule Majengo, mwambie Tabu nimekufa. Mwambie asingoje. Akae eda."

Nikasema ndiyo, nitamwambia. Nilisema tu aondoke. Sikumjua Tabu yeyote Majengo, na nilizaliwa Majengo. Nikainama kuchukua ufagio ulioanguka, na nilipoinuka benchi ilikuwa tupu. Sakafu bado ilikuwa na maji. Kariuki aliporudi aliteleza hapo akaanguka, na hilo atakubali mwenyewe, hata kama mengine anasema ni ya kina mama.

Nilifunga duka nikarudi Thika. Mama alikuwa ameketi kwa mkeka, anachambua mchele. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za soko, "Mama, hapa Majengo kuna mtu anaitwa Tabu?"

Mikono yake ikasimama ndani ya mchele.

"Nani amekupa hilo jina?"

Watu wote walimwita Bi Asha. Hata mimi sikujua jina lingine. Kumbe alipozaliwa, kwa shida, alipewa Tabu, na wote waliomwita hivyo walikuwa wameshazikwa, isipokuwa mmoja ambaye hakuna aliyejua kama amezikwa. Nilinyanyua macho kwa ukuta, kwa ile picha ya baba iliyoning'inia hapo maisha yangu yote, picha niliyoipangusa vumbi kila Idi bila kuitazama. Ilikuwa imefifia, uso umekuwa kama chai ya maziwa, lakini sikio la kushoto lilionekana. Lilikuwa na pengo.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, isipokuwa makofi. Hilo la makofi nililimeza.

Mama hakulia. Alimaliza kuchambua mchele, akanawa, akasema nimwitie maalim. Na huyu maalim, Mungu amsamehe, mimi bado sijaweza, alisikiliza akashika ndevu zake, akauliza ni nani aliyeleta habari. Nikasema mtu aliyekuwa naye. Akasema, "Bi Asha, eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si siku ulipopata habari. Yako imepita zamani. Ilipita wewe hujui. Huna deni."

Najua ndivyo sheria ilivyo. Nimeuliza wengine wanaosoma zaidi yake, wameniambia hivyo hivyo. Lakini ungeona uso wa mama yangu. Miaka yote hiyo amengojea mlangoni, halafu anaambiwa alishapita ndani na kutoka, hakuona tu.

"Basi nitakaa," akasema. "Mkiite mnavyotaka."

Akavaa nyeupe, akakaa. Majirani wakapita wakichungulia. Bibi kizee anakaa eda ya nani, wanaulizana, wengine wanacheka wakiwa bado mlangoni petu. Kuja kuketi naye, hakuna. Wale wanawake ambao yeye aliketi nao kila mmoja alipofiwa, akawapikia uji, hao hao walituma watoto tu walete salamu. Niliketi naye mimi peke yangu, jioni nikitoka Ruiru.

Siku alipotoka eda alioga, akajifukiza udi, akavaa leso mpya. Halafu akaniambia anataka kuona.

Nikamleta Ruiru, nikafunga mlango, nikamketisha benchi ya mbele. Kanda nilikuwa sijaigusa tangu siku ile. Nilipoitoa kwa kasha niliona weupe kwa kingo zake, nikadhani ni vumbi, nikaonja. Ilikuwa chumvi. Nikaipangusa, nikaiweka kwa deki nikiomba icheze, na ikacheza. Kamau, Njoroge, Maina, wote walikuwepo, safi kabisa, unahesabu hata vifungo vyao. Kamau akaweka jicho kwa darubini. Na hapo picha ikawa chenga tupu, nyeupe, inapiga kelele kama maji. Ilipotulia, Wajerumani walikuwa wameshakumbatiana.

"Iko wapi meli?" Mama akauliza.

"Imepita, Mama."

Nikasikia nilichosema, kile kile cha maalim, na kikanichoma. Alikaa mikono mapajani, akiwatazama wale watu wakifurahi.

"Hao wana mama zao," akasema. "Twende nyumbani."

Alifariki mvua za vuli zilipoanza. Duka nililifunga mwaka huo huo. Kariuki alitaka ile kanda kwa chumba chake kipya, nikakataa, na iko kwangu mpaka leo, imefungwa kwa nailoni. Kila Januari, ukavu ukizidi, nailoni inakuwa na maji kwa ndani. Njoo uone kama hunisadiki.

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, siku ukiona vita kwa kioo na meli ikazama mbali, na watu kando yako wakapiga makofi, tazama nani ameketi mbele. Akiwa amelowa na nje ni kukavu, usimwogope, na usihangaike na ufagio. Muulize jina lake. Mimi sikumuuliza. Nilikuwa mwanamke wa miaka hamsini, sijawahi kumwita mtu yeyote baba, na wangu alikuja akaketi hapo karibu, akaniita mama, nikamwacha aende.