Kisu cha Malishoni

Mwenye duka aliniuliza swali moja tu la maana, nami nikamdanganya.

Alikuwa mama wa Kihindi wa makamo, mzaliwa wa hapa hapa Mwanza, na duka la vifaa alilirithi kwa baba yake. Nilikuwa nimeshamchosha. Juu ya meza ya kioo alikuwa amenitolea visu tisa, vyote vidogo, vyote visivyokunjika, kwa sababu hilo nilimwambia tangu mlangoni: kisu cha kukunja sikitaki hata ukinipa bure. Nilikuwa nainua kimoja kimoja, nakigeuza, nakirudisha. Mimi ni fundi cherehani, nina banda langu Mkolani, na mtu anayeshika mkasi kutwa hadanganywi na chuma kwa sababu tu kinang'aa. Ndivyo nilivyokuwa najisifu moyoni.

"Ni cha nani?" akaniuliza.

"Cha baba. Anachunga ng'ombe huko karibu na Kigongo. Kutwa yuko porini."

"Mkono wake ukoje?"

"Mzima," nikasema.

Haukuwa mzima, na aliyeuharibu nilikuwa mimi. Mwaka uliotangulia nilimpelekea baba zawadi ya kisu cha kukunja, mpini mwekundu, kizuri cha kumwonyesha mtu. Alikuwa anamtoa mtamba mwiba kwenye kwato. Akakaza ncha, kisu kikajifunga juu ya vidole vyake. Kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia vilikatika mishipa. Hospitali walishona, kidonda kikapona, lakini vidole havikukunjika tena. Vilibaki vimenyooka kama vya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Baba hakunilaumu hata siku moja. Kila aliyemuuliza alimwambia mtamba alirusha teke, na mimi nikamwacha aendelee kumsingizia mtamba wa watu.

Kaka yangu mkubwa hakuwa na adabu hiyo. Yeye ni dereva wa lori, ndiye mzaliwa wa kwanza, na neno lake nyumbani lina uzito. "Ajali nyingine moja tu," alisema mbele ya baba, "mzee anakaa nyumbani, tunaajiri mtu wa kuchunga." Baba aligeuka akatazama zizi. Mimi nilibisha mpaka sauti ikanikauka. Tangu mama afariki, ng'ombe wale kumi na mmoja ndio waliokuwa wakimwamsha baba asubuhi. Nilishamwona zile wiki za kidonda, amekaa kwenye kigoda uani, anamwamkia kila apitaye kana kwamba yeye ndiye mgeni. Niliogopa kukaa kule kutammaliza haraka kuliko kisu chochote. Kwa hiyo siku ile dukani sikuwa nanunua kisu. Nilikuwa namnunulia baba miaka yake ya porini, na nilikuwa na hasira na kila mtu aliyedhani ni jambo dogo.

Kwa nini basi nikasema mkono ni mzima? Aibu. Nilijua swali la pili lingekuwa "uliumiaje?" na la tatu "nani aliyenunua kile cha kwanza?"

"Mlete aje ashike mwenyewe," mwenye duka alisema. "Kisu ni kama kiatu. Huwezi kumnunulia mtu kwa kukisia."

"Yuko mbali," nikajibu. Kigongo! Hata chai haijapoa mtu keshafika.

Akaniangalia kidogo, kisha akasogeza mbele kisu kimoja cha ajabu. Mpini wake ulikuwa mnene, umezungushiwa mpira mweusi, umevimba katikati kama gunzi la hindi. Nilicheka. Nikamwambia huo ni mwiko wa kusongea ugali, si mpini. Yeye hakucheka, alikirudisha tu pembeni.

Nilichokichagua kilikuwa cha fundi hasa. Urefu wa bapa lake haukuzidi kiganja changu. Mgongo mnene, wa kuegemeza dole gumba. Chuma kilipita ndani ya mpini mpaka mwisho, kikabanwa kwa ribiti tatu, kwa hiyo hakuna siku ambayo mpini ungetoka kivyake na bapa kivyake. Mpini wenyewe ulikuwa mwembamba, laini. Nilikunja ngumi, kikakaa kama nilizaliwa nacho. Nikamwambia fundi viatu wa jirani anishonee ala ya ngozi yenye kitanzi cha mkanda, na Jumamosi asubuhi nikaondoka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu. Umekonda." Hunena hivyo hata nikinenepa. Ameniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, tangu utotoni, kwa kuwa nilichukua jina la mama yake.

Niliweka kisu juu ya kigoda. Akakichukua kwa mkono wa kushoto, akakihamishia kulia, akakirudisha kushoto. Akapitisha makali kwenye vinyweleo vya mkono. "Kinakata," akasema. Akavaa ala kiunoni, akachukua fimbo. Nikamwambia leo tunakwenda wote. Nilitaka kukiona kikifanya kazi, ili Jumapili nimpigie kaka simu nimwambie nilichokiona kwa macho yangu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha siku mbili. Tuliwaswaga ng'ombe hadi karibu na ziwa, mahali ambapo vichaka vinakutana na matete na ardhi inateleza. Saa moja ikapita, ya pili ikapita, baba hakukitoa kisu. Palikuwa na kamba ya ndama iliyojisokota kwenye mti; akaifungua kwa meno na subira. Nikamwomba anikatie mswaki.

"Kata mwenyewe. Si wewe uliyenunua kisu?"

"Nimekununulia wewe, baba, si kiuno chako."

Akacheka. Nikamkazania: kata basi nikuone, mti huu hapa, kijiti chembamba tu. Akasema anakata akitaka. Tukabishana hapo kama watoto wawili, sauti zinapanda, na wakati huo wote hakuna aliyekuwa anatazama ng'ombe. Tulipogeuka, ng'ombe mmoja mwekundu, wa maziwa, alikuwa ameshavunja uzio wa miiba na kuingia kwenye shamba la viazi la jirani, anakula majani mabichi yenye maji kwa pupa.

Tulimtoa. Haikupita saa moja ubavu wake wa kushoto ukaanza kupanda. Mimi nimekulia na ng'ombe, najua kuvimbiwa, lakini sikuwahi kuona tumbo likipanda hivyo mbele ya macho, hadi likapita usawa wa uti wa mgongo. Nikapiga simu kwa bwana mifugo. "Niko njiani," akasema, na mimi nikajua maana ya neno hilo. Nilisikia kuku nyuma yake. Alikuwa bado nyumbani kwake.

"Tumfunge kijiti mdomoni," baba akasema, "atafune, mate yatoke, huenda akacheua." Akatoa kisu, akaenda kwenye kichaka. Mimi nilibaki nimemshika ng'ombe pembe, nikamtazama baba kwa kuibia. Aliweka makali kwenye tawi, akakaza, kisu kikamwanguka. Akakiokota. Kikaanguka tena. Vile vidole viwili vilikuwa vimenyooka juu ya mpini bila kazi, na vile vingine vitatu vilikuwa vinazunguka hewani kwa sababu mpini mwembamba haukujaza mkono. Mara ya tatu kilipoanguka, baba aligeuka haraka kuona kama nimemwona. Nikainamisha uso kwenye shingo ya ng'ombe nikajifanya namwimbia. Nilitamani ardhi inimeze. Akalivunja tawi kwa goti, akarudi nalo, tukalifunga mdomoni.

Tukampandisha ng'ombe mlimani, kichwa juu, ili hewa ipate njia. Haikupata. Alitembea hatua chache akapiga magoti, ulimi nje, anapumua kwa mkoromo. Ng'ombe aliyevimbiwa akilala ubavu, haamki. Nikapiga simu tena, haikupokelewa.

"Itabidi atobolewe," baba akasema.

Nilimwona akifanya kazi ile mara moja, nikiwa darasa la tatu, na aliifanya bila hata kuvua kofia. Sasa alipapasa ubavu wa kushoto, akatafuta lile bonde lililo kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ambalo sasa halikuwa bonde tena bali ngoma. Akapima kwa vidole. Akachana kipande cha shati lake kwa meno, akaniamuru nikizungushe kwenye bapa, nibakize urefu wa kidole kimoja tu, ili ncha isizame kupita kiasi. Kisha akakishika kisu.

Mkono wa kulia ulikataa. Akajaribu wa kushoto, nao haukuwa na nguvu. Akautia tena wa kulia, akaufunika kwa wa kushoto, akakandamiza. Ngozi ya ng'ombe si kitambaa. Kisu kikageuka kiganjani mwake, ncha ikateleza ikachora mstari mrefu wa damu juu ya ubavu, na ng'ombe akatoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Baba alitukana kwa Kisukuma, tusi ambalo mbele yangu hajawahi kulitamka.

"Mayu, njoo."

"Baba, mimi siwezi."

"Njoo. Usinitazame mimi, tazama hapa."

Nikakichukua. Kilikaa mkononi mwangu vilevile kama dukani, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Kila kitu nilikipima: urefu, unene, ribiti. Mkono nilioupimia ulikuwa wangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi niliambiwa waziwazi nimlete mwenye kitanda.

Baba akaweka kiganja chake juu ya kifundo cha mkono wangu. "Elekeza kwenye goti la mbele, la upande wa pili. Usibembeleze. Ukibembeleza unamtesa."

Nikapiga. Kulikuwa na ugumu, halafu ukaachia ghafla, na hewa ikatoka ikipuliza usoni mwangu kwa joto na harufu ya majani yaliyochacha. "Usichomoe," baba akasema. "Kizungushe kidogo, kishikilie hapo." Nikakishikilia. Mkono uliuma hadi bega, povu la kijani likanitiririka hadi kiwiko, na tumbo likaanza kushuka taratibu. Ng'ombe akakohoa. Muda mrefu baadaye akanyanyua miguu ya nyuma, kisha ya mbele, akasimama.

Bwana mifugo alipofika na pikipiki yake, alimkuta anacheua. Akalikagua tundu, akaliosha, akalishona. "Nani aliyetoboa? Pamekaa penyewe."

"Huyu," baba akasema.

"Tumetoboa wote," nikasema haraka.

Baba alichukua kisu akaenda kukiosha ziwani, akakifuta kwa lile shati lililochanika. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naongea peke yangu. Nilimwambia kosa ni la mpini, si la mkono. Nilimwambia dukani kuna kingine, kibaya kwa sura lakini kinene, cha mpira, kitamjaa mkononi; Jumatatu nakileta, au tuzungushie hiki mpira wa baiskeli leo leo. Nilimwambia kaka hana haja ya kujua, ng'ombe yuko hai, hakuna aliyeumia, hiyo haiitwi ajali. Niliongea kama muuza nguo anayeona mteja anaondoka.

Tulipofika uani alikaa kwenye kigoda, akaniomba simu. Nikadhani anataka kumshukuru bwana mifugo. Akampigia kaka.

"Tafuta mtu wa kuchunga," akamwambia.

Nikasikia kaka akishtuka. "Kumetokea nini, mzee? Umeumia?"

"Sijaumia. Tafuta mtu."

Akanirudishia simu. Nilikaa chini kwenye udongo nikalia, nikamwambia yote: duka, swali, jibu langu, kile kisu kinene nilichokicheka. Nilimwambia na habari ya mtamba, kwamba muda wote nilijua halikuwa teke. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema pengine kile kinene kingefaa, pengine kisingefaa, na kwamba akiwa kule kichakani alinisikia nikimwimbia ng'ombe, na mimi huwa siimbi.

Asubuhi niliamshwa na kelele za zizini. Jua lilikuwa limeshapanda, saa yao ya kutoka ilikuwa imepita. Baba alikuwa kwenye kigoda, amevaa, fimbo imelazwa miguuni.

"Kawafungulie," akaniambia.

Nikatoa miti ya mlangoni. Wakatoka mmoja mmoja, yule mwekundu wa mwisho na nyuzi zake ubavuni, wakashika njia yao ya kila siku. Walipofika kwenye kona ya ua wa minyaa wakasimama wote, wakageuza vichwa. Nikawapigia mluzi. Hakuna aliyesogea.

"Waswage, mayu," baba akasema nyuma yangu. "Wananingoja mimi."