Mama alivyotuanika juani sawasawa, mimi na pacha wangu

Wakuu, habari za jioni. Leo nichekeni mpaka mbavu ziume. Chumvi sitatia, maana yenyewe imekolea.

Nimekulia Kingi, kule Masisi, miaka ya sitini. Familia ya wakulima wa maharage na mihogo, watu wa kanisa.

Mimi nina ualbino. Pacha wangu, Janvier, ni mweusi tii.

Sasa kwetu mapacha ni kazi. Ukimpa mmoja kitu, na mwenzake apate. Mmoja akichapwa, wa pili naye anaonjeshwa (hapa bado nina kinyongo, Janvier alikuwa mtundu). Watu waliamini ukibagua, mmoja atachukia na kufa. Mama alisali sana, lakini hilo hakuthubutu kulijaribu.

Jua liliniunguza, kwa hiyo nikawekwa ndani. Janvier je? Naye ndani!

Tukakaa jikoni na moshi miaka minne. Mimi mwanga kidogo wa mlangoni ulinitosha, ngozi yenyewe hii. Janvier miguu ikapinda, akawa anatembea kama bata. Nilimcheka mpaka nikaanguka.

Muuguzi wa zahanati akamweleza Mama kwamba jua huufanya mwili utengeneze vitamini D, mifupa ikawa imara. Akamwambia amtoe Janvier nje. Mama akaitikia vizuri kabisa.

Kesho yake akatandika mkeka pale tunapoanikia maharage, akatuanika wote wawili mpaka saa sita mchana. Usawa, wakuu!

Jioni nilikuwa nimeiva. Malengelenge mgongo mzima, nikalala kifudifudi siku tatu. Hapo kicheko kiliisha. Nilimsikia Mama akilia taratibu. Akiturudisha ndani, Janvier anabaki kilema. Akituacha nje, mimi naungua.

Akanibeba mpaka kwa muuguzi. Muuguzi akautazama mgongo wangu, akasema:

"Mama, uyu mutoto jua itamuchoma leo, itamuchoma kesho, kisha miaka mingi itamuletea kansere ya ngozi. Lakini usiogope. Wote utawapa dawa sawasawa. Janvier, dawa yake njo jua. Uyu, dawa yake njo kivuli."

Mama alirudi nyumbani akiimba!

Kila asubuhi akawa anatangaza saa ya dawa. Janvier mkekani, mimi chini ya paa na shati la mikono mirefu na kofia ya Papa, yaani baba yetu, iliyonifunika mpaka pua. Alitusimamia kwa makini, utadhani kivuli kinanyweka kwa kijiko.

Miezi ikapita. Siku moja nikatoka kufuata panzi, kichwa wazi. Janvier akaokota kofia, akanifuata mbio.

Mama alikuwa anapepeta maharage. Nilijua nitachapwa, yaani tutachapwa. Badala yake akaitazama miguu ya Janvier, akaweka ungo chini na kusema tu:

"Iko nakimbia."

Akakaa hapohapo kwenye majani, anacheka na machozi yanamtoka. Maharage yote kuku walikula.

Funzo langu: jua ni dawa, na kila ngozi ina dozi yake. Toeni watoto nje. Ila mwenye ualbino avae kofia, na kidonda kisichopona asikipuuze. Mimi kimoja kiliniota sikioni uzeeni, nikawahi hospitali, ikawa kansa changa, ikatolewa. Nashukuru mpaka leo.

Haya, wenye mapacha, nyie mnawagawiaje? Mwageni maoni, nitasoma yote. Niko zangu kivulini, nakunywa dawa.