Mshahara wa Anayekaa Kitale

Mwaka mmoja baada ya kumzika babu, ukoo ulikutana Bungoma, nyumbani kwa shangazi, kupanga makumbusho yake, yaani sherehe ya kumkumbuka. Kwetu michango hugawanywa kwa kazi. Walimu wana fungu lao, wafanyabiashara lao, na asiye na ajira hutoa nguvu zake. Baba mdogo, aliyeongoza kikao, alinitaja pamoja na binti wa shangazi: "Watu wa kompyuta, kila mmoja ng'ombe mmoja."

Nikasema sina uwezo huo.

Mimi na huyo binamu tumeajiriwa na kampuni moja ya ng'ambo inayotengeneza programu za benki. Mimi nafanyia kazi katika chumba cha kupanga hapa Kitale. Yeye alihamia Ulaya, lakini timu haikubadilika. Asubuhi tunagawana kazi, na mmoja akikwama anampigia mwenzake. Ila alipohamia huko mshahara wake uliongezwa mara kadhaa, na wangu ukabaki pale pale. Nilipouliza, meneja alisema wanalipa kulingana na gharama za maisha mahali mtu anapoishi. Kana kwamba kuna duka Kitale linaloniuzia kompyuta kwa bei ya sukuma wiki! Nikamwuliza kama benki nazo hupunguziwa bei kazi ikifanyiwa Kitale.

Ukoo haukuyajua hayo. Ulichoona ni nyumba ya shangazi, iliyojengwa kwa pesa za binti yake.

"Mwenzako amejenga," shangazi akasema. "Wewe bado unapanga. Si kazi ni moja? Pesa unapeleka wapi, papa?" Kwetu mtoto wa kiume huitwa papa, yaani baba.

"Anakunywa huyo," mtu akasema nyuma yangu, bila kujali kama nasikia.

Mama aliinamisha kichwa. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu niliona kwamba naye alikuwa ameanza kujiuliza. Nikampigia binamu, nikaiweka simu mezani kwa kipaza sauti ili wote wasikie.

"Niaje, bana! Mmechinja bila mimi?"

"Waambie ukweli. Tunalipwa sawa?"

"Hapana. Mimi nalipwa zaidi. Zaidi sana."

"Kwani unamshinda kazi?" baba mdogo akauliza.

"Hapana, mjomba. Hata wiki hii yeye ndiye amerekebisha makosa yangu."

"Sasa shida yake ni gani?"

"Anakaa Kitale."

Nyumba ikajaa kicheko. "Kitale imekosea nini? Ama kompyuta za huko zinakula mahindi?" mmoja akauliza.

Mama hakucheka. "Hao ni mabroka," akasema. "Broka akikupata shambani Kiminini, gunia lako halina maana. Likifika Nairobi ni dhahabu. Na ni gunia lile lile!"

Nilidhani mambo yameisha vizuri. Hakuna aliyeniita mlevi tena. Kisha baba mdogo akakata shauri, kwa huruma kabisa: "Basi huyu tumtoe kwa ng'ombe. Atabeba viti na maji pamoja na wasio na kazi."

"Mimi nina kazi!" nikasema. "Niwekeni na walimu."

"Ati walimu? Walimu wana pensheni, papa," shangazi akasema, na wakacheka tena.

Sikucheka. Meneja alikuwa amenipangia bei kwa kuangalia ninapolala, na sasa watu wangu walikuwa wameipokea bei hiyo na kunipa cheo kinacholingana nayo. Hakuna aliyeuliza kazi yenyewe ni nzito kiasi gani. Binamu alituma ng'ombe wake na salamu.

Siku ya makumbusho nilikuwa nikitoa viti vya kanisa kwenye trela ya trekta, jasho likinitiririka. Mama akapita na wageni wake kutoka Lugulu, akasimama mbele yangu.

"Huyu ni wangu," akawaambia kwa fahari. "Anafanya kazi ya Ulaya."

Wageni wakanitazama, kisha wakatazama viti begani mwangu. Mmoja wao akasogea kando ili nipite.