Mapengo ya Wana wa Nakiru

Nakiru alizaliwa Lodwar, akaolewa Kakuma, na maisha yake yote amekuwa msusi wa vikapu vya majani ya mkoma. Kwao walizaliwa wanne. Kaka zake wawili walikufa wadogo, na wote kwa jambo lile lile: walipong'olewa meno mawili ya mbele ya chini, kama ilivyo desturi ya Waturkana, damu haikukata. Wakabaki wasichana, Nakiru na mdogo wake Napeyok. Watu walisema tumbo la mama yao lina laana. Mama alisali tu.

Nakiru naye akapata wavulana watatu. Kila mmoja alipofikia kung'olewa meno, Nakiru alifunga na kuomba. Wote damu yao ilikata upesi.

Mwaka 1995 alikuwa akiuza vikapu kambini Kakuma, akazoeana na Firmin, muuguzi mkimbizi kutoka Burundi. Akamwuliza kama ile damu ya kaka zake imo ndani yake.

"Mama, huu ugonjwa ni wa nadra," Firmin alisema. "Mwanamke nisiyemjua akiniuliza, nitamwambia hana. Lakini mama yako alizika wawili, basi yeye alikuwa nao. Mwanamke huubeba bila kuugua. Kila mtoto wake aweza kuupokea au kuukosa, nusu kwa nusu. Wa kiume akiupokea atavuja damu. Wa kike ataubeba tu."

Akaleta vibuyu viwili. Kimoja akakitia mahindi matupu, kingine mahindi na maharagwe sawa kwa sawa. Akavizungusha nyuma ya mgongo, akampa kimoja.

"Funga macho, toa punje."

Ikatoka hindi. Akairudisha, akatoa tena: hindi. Mara ya tatu, hindi.

"Umeshika kipi?"

"Cha mahindi matupu."

"Una hakika?"

Nakiru akacheka. "Hakika anayo Mungu. Lakini nikiambiwa nichague nipewe mbuzi, nachagua hicho."

"Ndiyo hivyo. Ulianza nusu kwa nusu. Sasa una wana watatu wazima, kama zile punje tatu za hindi. Tukikusanya wanawake tisa wenye habari kama yako, wanane hawana, mmoja anao."

"Na mdogo wangu?"

"Amezaa?"

"Hajaolewa."

"Basi kibuyu chake bado hakijaingizwa mkono. Ni nusu kwa nusu."

Mwaka uliofuata Emuria, mfugaji wa Kalemng'orok, alikuja Lodwar na wazee wake kumposa Napeyok. Baba mdogo wa Emuria alikuwa amesikia habari za wale kaka. Nakiru alipofika na wanawe, mzee hakungoja.

"Ejok, mama," akamsalimu. "Hawa wafungue vinywa."

Wakafungua. Akachungulia mapengo kama mtu anayenunua punda, akageukia wenzake. "Damu ya nyumba hii imepona. Tuzungumze ngamia."

Napeyok akatabasamu. Hapo Nakiru angeweza kunyamaza.

"Mzee, mapengo hayo yanasema habari zangu mimi. Za Napeyok hayasemi."

"Si mlinyonya titi moja?"

"Moja, lakini kila mtu alipokea chake. Huenda ugonjwa anao, huenda hana. Ni sawa kwa sawa."

"Mwanamke huyu anafukuza ngamia kwa mdomo!" Wazee wakacheka. Napeyok akajifunika uso kwa shuka.

Emuria ndiye aliyeuliza, "Huo ugonjwa unaua hata mtu asipong'olewa meno?"

"Unaweza, akiumia. Ila kaka zetu waliuawa na meno."

"Basi wanangu hawatang'olewa."

"Watakuwa na midomo ya punda!" mzee akafoka.

"Punda anaishi, baba."

Mzee akaondoka na wenzake. Emuria akabaki. Walifunga ndoa kanisani bila wazee hao, na ngamia wakaja kidogo kidogo. Tangu siku ile Napeyok hakusema na dada yake. Alimzaa msichana, na kwa msichana hakuna lililojulikana. Mwaka 1998 akazaa mvulana.

Alipoanza kutambaa, mvulana aligonga goti kwenye jiwe, likajaa damu ndani. Napeyok hakungoja uvimbe ushuke wenyewe, wala hakumpeleka kwa mganga. Alimkimbiza hospitali akawaeleza habari za wajomba wa mtoto, naye akahudumiwa mpaka akatulia. Kisha akapanda lori hadi Kakuma.

"Dada," alisema mlangoni, "ni goti."

Nakiru akampokea mtoto. Napeyok alikaa kwake mwezi mzima wakisuka pamoja, na mvulana akitambaa juu ya mikeka waliyoikunja mara mbili.