Dereva wa Kutunga

Kabla ya Mwalimu Hulda, watu wa Mahongole walikuwa hawajapata kusoma kitabu cha hadithi. Walikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo, na kile kijitabu cha serikali kuhusu kupanda miti ya miwati. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuwadanganya. Kwa hiyo cha Hulda kilipofika, nacho walikisoma kwa imani ileile: kilichopigwa chapa kimetukia.

Hulda alizaliwa palepale, akasomea ualimu, akapangiwa shule ya wasichana karibu na Njombe. Hakuolewa. Kila likizo alifikia kwa Dorika, rafiki yake tangu utoto, na wawili hao walilala mkeka mmoja kando ya moto, wakiongea mpaka makaa yafe. Mume wa Dorika, Elieza, alikuwa ameondoka na manamba, vibarua wa mkataba, kwenda kukata mkonge Tanga. Mkataba ulikwisha, hakurudi.

Likizo moja Dorika alimwambia Hulda jambo. Kila aliposikia kwamba lori la manamba wanaorudi linakaribia, alichoma mahindi, akajifunga kitambaa chake cheusi kichwani, akaenda kambini Makambako. Alikaa juu ya jiwe mpaka mtu wa mwisho ashuke. Majirani aliwaambia anakwenda kuuza mahindi.

"Ukimwambia mtu, nitakukana," alisema akicheka.

Hulda hakumwambia mtu. Aliandika. Aliweka mahindi, jiwe na kitambaa cheusi, akabadili jina tu. Kisha akaona kwamba mwanamke aliyekaa juu ya jiwe hajazi kitabu. Ndipo akamtunga dereva wa lori, mwanamume mwenye pengo na maneno matamu, akampeleka kwa yule mwanamke aliyechoka kungoja.

Sasa Elieza alikuwa amerudi. Huko kwenye mkonge, karani mmoja aliwasomea watu wa Njombe kitabu kile, na Elieza alilitambua jiwe la kambini na kitambaa cha mkewe kabla hajafika kwa dereva. Aliposhuka Makambako aliupita mlango wa mkewe, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake, Gideoni. Kisimani wanawake walikuwa hawamwachi Dorika kwa dhihaka. "Mama, maji yatangoja! Lori lako linapiga honi!" Ikasemwa kwamba baada ya ibada ya Jumapili atarudishwa kwa baba yake, huko Igwachanya.

Habari zilimkuta Hulda shuleni. Jumamosi alipata nafasi kwenye lori, juu ya magunia ya magome ya miwati, na njia nzima alijifunza sentensi moja: "Ile ni hadithi tu." Lakini kila alipoirudia ilizidi kumsuta. Si yeye aliyejisifu mbele ya walimu wenzake kwamba kitabu chake kimechimbwa katika maisha ya kweli? Alitaka aaminiwe. Ameaminiwa.

Aliwakuta ndugu wawili uani kwa Gideoni, Gideoni akisuka tenga la mianzi, Elieza amekaa bila kazi mikononi.

"Kamwene, Mwalimu," alisalimu Gideoni. "Umekuja kutuandika na sisi?"

"Nimekuja kusema kwamba dereva hayupo."

"Amehamishwa?"

"Hajawahi kuwapo. Nilimtunga."

Elieza aliinua uso. "Mahindi ya kuchoma?"

"Ni kweli."

"Kitambaa cheusi?"

"Kweli."

"Na kukaa juu ya jiwe mpaka watu waishe?"

Hulda aliona kwamba akikanusha hili hataaminiwa katika lile. "Kweli, shemeji."

"Basi mdomo ni ule ule. Nitajuaje wapi unasema kweli na wapi unaongopa?"

"Hata pengo lake umelieleza!" aliingilia Gideoni. "Jino la juu, upande wa kushoto. Mtu wa kutunga anang'olewaje jino?"

"Pengo ni la marehemu mjomba wangu wa Mawengi," alisema Hulda. "Kofia yake ni ya karani wa posta. Mluzi anaoupiga ni wa mpishi wetu shuleni. Niliokota huku na huku, nikamshona."

Gideoni aliliacha tenga. "Ngoja kwanza. Kwa hiyo tunamrudisha shemeji kwao kwa kuzini na mjomba wako aliyekufa, aliyevaa kofia ya posta?" Akacheka mpaka akashika mbavu.

Elieza hakucheka. "Kwa nini ulimweka?"

"Kwa sababu..." Aliitafuta sababu nzuri, hakuiona. "Niliona kungoja peke yake hakutoshi."

"Hakutoshi," alirudia Elieza polepole. Akasimama, akachukua mzigo wake, akashika njia ya nyumbani. Hulda alimfuata kwa mbali.

Dorika alikuwa mlangoni akichambua maharage. Hakuinuka.

"Kamwene," alisema Elieza.

"Kamwene."

"Nimerudi."

"Naona. Ingia, utakula."

Elieza aliinama, akaingia. Hulda aligeuka kuondoka, lakini Dorika alimfuata mpaka kwenye ua.

"Kwa huyo dereva nimekusamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Yule ni wako. Ningemcheka tu. Lakini jiwe, Hulda? Jiwe nilikupa wewe peke yako."

"Ndilo lililomrudisha," alisema Hulda, na papo hapo akatamani ayameze maneno yake.

"Ndiyo, limemrudisha. Amerudi kwa kunihurumia. Nilitaka arudi kwa kunitaka, asijue kamwe kama nilingoja. Sasa sitajua kama ananitaka."

Hulda alitafuta neno la kuomba radhi. Kila lililokuja lilikuwa limepangwa vizuri mno, kama la kitabuni, akaona aibu kulitoa. Dorika alimngoja kidogo, kisha akarudi kwenye maharage yake.

Likizo iliyofuata Hulda alikwenda tena, na pakiti ya sukari. Dorika aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana.

"Habari za hapa?" aliuliza Hulda.

"Njema, Mwalimu."

"Na Elieza?"

"Mzima, Mwalimu. Mahindi nayo yamestawi mwaka huu."

Hulda alianza kuketi mkekani. Dorika alimzuia kwa heshima, akaingia ndani kumletea mgeni kiti.