Aliyepona Kila Jumapili

Ojwang alikuwa mwigizaji. Nasema hivyo kwa kuwa yeye mwenyewe alisema, na hapa mtaani kwetu Soweto West, Nairobi, hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana naye. Alifika kutoka Homa Bay mwaka wa tisini, akajiunga na kikundi cha kuigizia wanafunzi tamthilia za mtihani, na kwa miaka miwili akawa maiti. Kila shule, maiti. Aliifanya vizuri kazi hiyo, ila alipenda kukohoa kidogo ili watazamaji wasimsahau.

Kikundi kilipochoka na maiti anayekohoa, akanunua koti jeusi lenye mkia pale soko la mitumba la Toi, akajiita Profesa Ajabu na kuanza mazingaombwe katika kumbi za Kawangware. Alitoa leso mdomoni na njiwa ndani ya sufuria. Njiwa huyo alimshinda akili, maana siku moja alitoroka kupitia dirishani kabla hajaitwa na hakurudi tena. Waumini wa mtaa wakamwita Ojwang mchawi, na mama mwenye nyumba, Gathoni, akamwambia atafute kwingine.

Aliyemwokoa ni Mchungaji Murunga, mwenye hema la maombi kule Kambi Muru. Wengine waliona mchawi, Murunga akaona kipaji. Tangu hapo Ojwang aliletwa hemani kwa mkokoteni, miguu imepinda, akaombewa, akasimama na kurukaruka. Jumapili moja alikuwa kiwete Kambi Muru, inayofuata kipofu Kawangware. Sisi majirani tulijua. Tulicheka, tukanyamaza, na mchungaji akatupatia viti vya mbele.

Mwaka wa tisini na sita mamake, Aoko, akaja bila kutuma habari. Goti lilikuwa limemsumbua miaka mitatu, na huko kwao alikuwa amesikia kwamba Nairobi kuna mchungaji anayeinua viwete. Aliposhuka basi alienda moja kwa moja hemani na fimbo yake. Akafika wakati mkokoteni unaingia.

Alipomtambua aliyelala ndani yake, alipiga nduru. Ojwang alikuwa ameshaanza kunyooka, na mchezo ukishaanza haukatizwi, kwa hiyo akasimama akarukaruka. Aoko akapanda jukwaani akilia, akashika maikrofoni. Alisema huyu ni mwanawe, alimzaa na miguu mizima, Nairobi ikamlemaza na yeye akamficha mama yake ili asiumie moyo. Leo Mungu amemrudisha. Hema zima lililia. Sijawahi kusikia ushuhuda kama huo hapo, kwa sababu huo ndio pekee uliotoka kwa mtu aliyeamini anachosema.

Murunga hakuwa mtu wa kuachia bahati ipite. Alimwombea yule mama, akamnyang'anya fimbo na kumwamuru atembee. Aoko akatembea hatua mbili, akaanguka. Ojwang alimkimbilia kwa miguu iliyokuwa imepona dakika kumi tu zilizopita. Mchungaji akaueleza umati kwamba wako wanaokuja mbele za Mungu na imani nusu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimewapelekea chai. Aoko alikuwa amekaa kitandani, goti limefura.

"Wewe umepona," alimwambia mwanawe. "Sasa mimi nimemkosea Mungu wapi?"

Ojwang alifungua mdomo. Neno moja tu lingetosha, na mimi pia nilikuwa nalo. Ila Jumapili ya Kawangware ilikuwa inakuja, na mimi nilikuwa na kiti changu.

"Ongeza maombi, Mama," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliigiza vibaya. Mamake hakugundua. Alifunga siku tatu bila kula, akitafuta dhambi yake. Siku ya nne tulimsindikiza kwenye basi, akachechemea njia nzima akituomba msamaha kwa kumwaibisha mwanawe hemani.