Samaki Wekundu wa Shangazi

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa fupi: nimpigie simu afisa uvuvi wa wilaya, au nisimpigie? Kichwani mwangu halikubaki fupi. Nikipiga, ataniuliza bwawa ni la nani. Nikisema ni la shangazi, shangazi atatozwa faini. Akitozwa faini, ukoo mzima kuanzia Igowole hadi Mbeya utajua kwamba binti aliyesomeshwa kwa mahindi ya shangazi yake amerudi kumshtaki. Nisipopiga, samaki watatoka. Nikageukia ukutani, nikaanza upya.

Nilikuwa nimetoka Mbeya kwa wazazi wangu, ambako nilikaa na shahada yangu ya ufugaji wa samaki nikisubiri ajira. Shangazi ndiye aliyeniita. Alisema njoo uone bwawa langu, wewe ndiye mtaalamu wa ukoo. Bwawa lilikuwa bondeni, chini kidogo ya vinyungu vyake, zile bustani za bondeni tunazolima kiangazi kwa unyevu wa kijito. Tulipofika alirusha pumba, na maji yakajaa rangi: samaki wekundu, weupe, wengine wenye madoa kama kitenge kipya.

"Wenzangu wanafuga samaki," alisema. "Mimi nafuga maua."

Nilicheka naye. Kisha samaki mmoja akapandisha mdomo juu ya maji, nikaona vindevu vifupi kwenye pembe za mdomo wake, na kicheko kikaniishia.

Tuliwasoma chuoni. Ni samaki wa nchi za mbali, wanaofugwa kwa urembo, na mbegu zao haziuzwi hapa kwetu bila kibali. Hula kwa kufukua tope la chini. Wakiingia kwenye mto, maji safi hugeuka chai ya maziwa, majani ya majini hung'oka, na mayai ya samaki wenyeji huliwa au hufunikwa na tope. Tena hawaogopi baridi. Hapo ndipo mwuzaji alipompata shangazi. Sato wake wa zamani walikuwa wakidumaa kila Juni, baridi ya Mufindi inapoingia, na kijana mmoja mwenye pikipiki akatokea na mifuko ya nailoni iliyojaa maji na hewa. Alimwambia kwamba hawa baridi ni rafiki yao. Alimwambia pia kwamba amewauza hadi Ubaruku, kwenye majaruba ya mpunga, na kwamba wanazaana kama panya. Shangazi alinisimulia hayo kama sifa. Mimi niliyasikia kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali.

Bado lilikuwapo jambo baya zaidi, na lilitokana na wema. Kikundi chao cha akina mama wa usharika kina desturi ya kopa nguruwe, lipa nguruwe. Ukipewa mtoto wa nguruwe, akikua na kuzaa, wa kwanza unampa mwenzako, naye ampe mwingine. Nusu ya kijiji inafuga kwa sababu ya desturi hiyo, na asiyelipa hasemwi hadharani, ila akipita kisimani mazungumzo hukatika. Shangazi alikuwa na deni la nguruwe tangu mwaka uliopita. Sasa alikuwa ameamua kulipa kwa fahari: Jumamosi kila mama angeondoka na ndoo yenye samaki wazima wa kuanzia bwawa lake. Mabwawa yao yote yamekaa kando ya kijito kilekile. Masika yakija kijito hufurika, na maji yake huishia mtoni.

Kwa hiyo ilinibidi niseme kabla ya Jumamosi. Nilifanya mazoezi mbele ya nguruwe, ambao walinisikiliza vizuri. Kwa shangazi nilianza mara kadhaa nikaishia kusifia maharage yake. Mwishowe, jioni moja tukimenya mahindi, aliweka gunzi chini akanitazama.

"Binti yangu, sema tu. Una mimba?"

"Hapana, shangazi."

"Una mchumba asiye Mkristo?"

"Sina mchumba kabisa."

"Basi hilo ndilo tatizo," alisema, akarudi kwenye mahindi yake.

Nikalitoa lote, bila mpangilio, nikianzia na tope na kumalizia na sheria. Nilimkumbusha vile visamaki vyembamba vya kijitoni ambavyo bibi alikuwa akivinasa kwa mgono, mtego wake wa matete, tukavikausha juu ya moto na kuvila na ugali wa ulezi. Nilimwambia hivyo ndivyo vitakavyokwisha kwanza.

Alikasirika, si haba. Aliuliza kwa nini elimu yangu haileti kitu ila inakuja kuondoa. Aliuliza kama nataka asimame mbele ya wenzake Jumamosi na ndoo tupu, yeye ambaye hajawahi kushindwa kulipa hata sindano. Nilimenya mahindi mengi kuliko yaliyohitajika.

Asubuhi nilimkuta ukingoni mwa bwawa, kanga imefungwa kiunoni. Aliniuliza swali moja tu: wanalika?

Nilimwambia wanalika, ila wana miiba mingi.

"Miiba haijawahi kumshinda Mbena," alisema. "Basi wataliwa. Nguruwe wangu mkubwa ana mimba. Nitalipa nguruwe kwa nguruwe, na wasubiri."

Jumamosi akina mama walishuka bondeni na ndoo zao, wakiimba. Shangazi alisimama juu ya tuta akawaambia yeye mwenyewe. Sikuombwa kusema neno. Aliwaambia samaki hawa wana tabia ya mgeni anayefukua jiko la mwenyeji, kwamba hakuna atakayewapeleka kwake wakiwa hai, na kwamba deni liko palepale. Nilisubiri minong'ono. Mama mmoja mnene, mwenyekiti wa kikundi, akauliza kama mafuta yapo. Yalikuwapo. Akavua kandambili akaingia majini.

Kilichofuata sikukisomea chuoni. Tulikuwa tumefungulia maji polepole tangu alfajiri, na kwenye mlango wa bwawa nilikuwa nimefunga vyandarua viwili, kimoja nyuma ya kingine, kisha nikaenda kuvikagua tena na tena hadi nikafukuzwa. Bwawa lilibaki supu ya tope, na ndani yake akina mama wazima wakifukuza samaki wekundu kwa vikapu, wakianguka, wakisukumana, wakitukanana kwa Kibena maneno ambayo usharika haujui kama wanayajua. Mwenyekiti alimkumbatia mmoja mkubwa kama mtoto mchanga na kuanguka naye chali. Shangazi alicheka hadi akakaa kwenye tope. Mimi nilipekua tope lote kwa mikono nikitafuta visamaki vidogo, na kila nilipodhani nimemaliza, mtu alinirushia kingine.

Karai lilikuwa linachemka, na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, umeshamiminwa, pikipiki iliposimama juu barabarani. Alikuwa mwuzaji. Alishuka akitabasamu, amefunga mifuko mingine nyuma ya kiti. Alikuwa amesikia kwamba leo akina mama wanagawana samaki, akaja kuwauzia waliokosa. Alipoona bwawa tupu alitaka kugeuka, lakini shangazi alimkaribisha kama mgeni yeyote, akampa kiti na sahani. "Kamwene, baba. Karibu ule ulichokipanda."

Akala. Alisema ni watamu, na kwamba kesho ana oda nyingine huko Ruaha Mbuyuni.

Mafuta yaliendelea kuchemka, watu wakaendelea kucheka, na mimi nikarudi kwenye swali langu la kitandani. Bwawa moja tulikuwa tumelikausha. Yeye alikuwa na pikipiki na barabara nzima. Nilimtazama shangazi. Alijua ninachowaza, nadhani alijua tangu siku ile ya mahindi. Alijifuta tope mikononi.

"Ukipiga," alisema taratibu, "usifiche bwawa ni la nani."

Nilisimama kwenye tuta, mahali ambapo mtandao hukamata, nikapiga. Afisa aliuliza bwawa ni la nani, nikasema ni la shangazi yangu, limekauka, na samaki wake wako kwenye karai. Aliuliza mwuzaji yuko wapi. Nikasema anakula, na mifuko yake ya samaki wazima iko kwenye pikipiki. Akasema anatoka sasa hivi, na samaki waliobaki wasiondoke hapo wakiwa hai.

Nilirudi kwenye moto nikachuchumaa mbele ya yule kijana, kwa sababu sikutaka alisikie kwa mtu mwingine.

"Kaka, nimempigia afisa uvuvi. Yuko njiani. Maliza kula."

Aliangalia pikipiki yake. Mwenyekiti, akiwa bado na tope hadi masikioni, alikuwa ameshaiegemea na kipande chake cha samaki, akitoa mwiba mdomoni bila haraka. Nikapanda barabarani, nikafungua kamba, nikaibeba mifuko kifuani mmoja mmoja hadi kwenye karai.